Resti ipi ya mshale kwa upinde wa kuwindia: brashi au ya kudondoka?

#1 Podo_Nusu

Wakuu, heshima kwenu.

Nina upinde wa kapi (ule wa magurudumu na kebo) wa paundi 60 za kuvuta, naachia kwa rilisi (kifaa cha mkononi kinachoachia ugwe, yaani uzi wa upinde), mishale yangu ni ya kaboni yenye mabawa matatu ya plastiki. Resti (kile kinachoubeba mshale kwenye upinde) niliyonayo ni ile ya zamani ya vijiti viwili, mshale unalala tu juu yake, haushikwi na chochote. Kwenye shabaha sina malalamiko. Shida inaanza nikiingia kichakani: nikiinama kidogo au nikigeuza upinde, mshale unateleza na kugonga mpini, mnyama ananyanyua kichwa, shughuli imeisha.

Nataka kubadilisha, ila kila ninayemuuliza ananitajia kampuni badala ya sababu. Nawinda kwa kunyatia kwa miguu, sikai jukwaani. Sipigi zaidi ya mita 30. Naomba mnieleze kwa nini nichague hii na si ile.

#2 Mlenga_Mbali

Ya kudondoka. Uzi ufungwe.

#3 Kichaka_Kimya

Usifungwe bado. Ananyatia kwa miguu na anapiga mita 30. Huyo ni mtu wa brashi kabisa, na nitaeleza nikipata nafasi.

#4 Fundi_Ugwe

Podo_Nusu, karibu. Kabla ya majina tuangalie resti inafanya nini. Inaushika mshale wakati unavuta, inauongoza pale ugwe unapoanza kuusukuma, halafu inatakiwa itoke njiani mabawa yapite. Kazi ya kwanza na ya mwisho zinagombana. Kinachoshika vizuri hakiachii vizuri. Kila resti unayoiona dukani ni jaribio la kusuluhisha ugomvi huo, na kila moja imependelea upande mmoja.

Pia ujue unaachiaje, maana hapo ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapogongana bila watu kujua. Anayeachia kwa vidole, ugwe wake hauendi mbele moja kwa moja. Unaviringika kwenye ncha za vidole, unasukumwa pembeni, na mshale unatoka ukijipinda kushoto na kulia. Ndiyo maana watu wa vidole wanatumia kijiti chembamba kinachojikunja pamoja na kitufe chenye springi ubavuni mwa mshale: kitufe kinameza ule msukumo wa pembeni. Anayeachia kwa rilisi, ugwe unatoka karibu umenyooka, na mshale unajipinda zaidi juu na chini. Huyu hahitaji kitufe cha ubavuni, anahitaji kitu kinachoubeba mshale kutoka chini.

Wewe ni wa rilisi, kwa hiyo vile vitufe na vijiti vya pembeni viweke kando hata kama rafiki yako anavisifia. Vijiti viwili ulivyonavyo ni vya rilisi kweli na vinapiga sawasawa, ila vilitengenezwa kwa mtu anayesimama wima mbele ya shabaha. Tatizo lako ni la kushika, si la usahihi.

Zinabaki familia mbili: brashi, na za kudondoka, zile ambazo uma unaobeba mshale unashuka ukiachia. Nawaachia wenye nazo wazungumze kwanza.

#5 Kichaka_Kimya

Haya, brashi. Ni duara lililojaa nywele ngumu zinazotazama katikati, na katikati kuna tundu la mshale. Wengi mnaijua kwa jina la Whisker Biscuit. Unapachika mshale, unaupitisha kwenye mwanya wa juu, basi. Umezungukwa pande zote. Unaweza kutambaa, kulala kifudifudi, kuugeuza upinde miguu juu, na mshale upo palepale.

Ninachoipendea ni kwamba hakuna kinachotembea. Haina kamba ya kufunga kwenye kebo (zile nyuzi za pembeni zinazounganisha magurudumu ya upinde), haina springi, haina majira (wakati wa kupanda na kushuka) ya kupanga. Ukitoka nyumbani ikiwa sawa, ukifika ni sawa. Mtu anayepita kwenye miiba kutwa nzima anajua thamani ya kifaa kisicho na kitu cha kunasa.

Kasoro zake nazikiri. Mabawa yanapita kwenye nywele kila unapopiga, kwa hiyo yanachakaa, na nywele zenyewe zinachakaa, hasa zile za chini zinazobeba uzito. Unabadilisha. Ukubwa wa tundu lazima ulingane na unene wa mshale wako. Tundu kubwa kwa mshale mwembamba ni kazi bure, mshale unachezacheza. Manyoya ya ndege hayafai hapa, yatavurugika mapema. Na mahali pa baridi kali, maji yakiganda kwenye nywele, hiyo si brashi tena.

#6 Mlenga_Mbali

Umesahau kwamba inapunguza kasi, na kwamba inaushika mshale mpaka mkia wenyewe umepita. Ukiukamua mpini kwa kiganja wakati wa kuachia, brashi inaupeleka mshale huko ulikokamua. Ya kudondoka imeshatoka njiani.

#7 Fundi_Ugwe

Mlenga, hoja ya pili ina uzito, ya kwanza haina. Tufanye hesabu.

Tuseme brashi inakula futi 2 kwa sekunde, yaani kama mita 0.6. Mshale unaokwenda mita 85 kwa sekunde unafika mita 30 kwa takriban sekunde 0.353. Ukiupunguzia hizo futi 2 unachelewa sehemu mbili au tatu za elfu ya sekunde, na unashuka chini zaidi kwa kama milimita 9. Hakuna mtu hapa jamvini anayeshika milimita 9 akiwa amepiga goti kwenye nyasi na moyo unamdunda.

Kinachoamua mbele ya mnyama ni kelele. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwa mita hizohizo 30 inamfikia mnyama ndani ya sekunde 0.09, na mshale bado uko njiani kwa robo ya sekunde nyingine. Ndani ya robo hiyo mnyama mwenye wasiwasi anachuchumaa ili aruke, na mshale uliolengwa moyoni unapita juu ya mgongo. Kwa hiyo ukiwa dukani acha kuuliza resti ipi ina kasi, uliza ipi ina kelele: wakati wa kuvuta, wakati wa kuachia, na mshale ukigonga pale ambapo haukutakiwa kugonga.

Hapo kila familia ina dhambi yake. Brashi ina mkwaruzo mdogo wa kaboni kwenye nywele ukivuta, hasa zikiwa mpya na kavu. Ya kudondoka inavuta kimya ila uma wake unaposhuka unaweza kugonga rafu ya mpini (kingo iliyo chini ya mshale). Dawa ni kipande cha kitambaa kizito chenye gundi: bandika kwenye rafu, bandika ubavuni mwa mpini, funika na uma wenyewe. Kazi ya dakika chache, na wengi hawaifanyi.

#8 Podo_Nusu

Mkuu Fundi, nimekuelewa vizuri sana. Sasa hizi za kudondoka: nimeona nyingine ina kamba inayokwenda kwenye kebo, nyingine kamba inakwenda mpaka kwenye tawi la upinde (mkono wake unaopinda). Tofauti ni bei tu au kuna jambo?

#9 Fundi_Ugwe

Kuna jambo, na kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye uzi huu. Nitarefusha kidogo.

Ile ya kebo: kamba ndogo inafungwa kwenye kebo inayoshuka unapovuta. Kebo ikishuka inaivuta kamba, kamba inaunyanyua uma, mshale unakaa juu. Ukiachia, kebo inarudi juu, kamba inalegea, springi inauangusha uma. Maana yake springi kazi yake ni kushusha, na kamba kazi yake ni kupandisha.

Ile ya tawi ni kinyume. Springi ndiyo inayopandisha. Upinde ukiwa umetulia, kamba iliyofungwa kwenye tawi imekaza na inaubana uma chini. Ukivuta, tawi linapinda, kamba inalegea, springi inaunyanyua uma. Ukiachia, tawi linarudi mahali pake kwa nguvu na kuukokota uma chini.

Kinyume hicho kinaleta mambo mawili.

La kwanza ni muda wa kuubeba mshale. Kwenye ya tawi, uma unabaki juu ukiuongoza mshale kwa sehemu kubwa ya safari ya ugwe, kisha unashuka mwishoni. Wanaoipenda wanasema inasamehe makosa ya mkono. Kwenye ya kebo inategemea ulivyofunga: ukikaza sana kamba, uma unapanda mapema na unachelewa kushuka, mabawa yanaugonga, ukilegeza sana, hauinuki hadi juu. Kwa zile za kawaida, lengo ni uma ufike juu kabisa kwenye sentimita 2.5 hadi 5 za mwisho za kuvuta. Na kebo mpya inanyooka kidogo kadiri unavyopiga, kwa hiyo kamba uliyoipanga siku ya kwanza ikaguliwe tena baadaye. Hapa ndipo watu wanapoilaumu resti wakati kosa ni la kufunga.

La pili ni kamba ikikatika. Kwenye ya kebo, kamba ikikatika uma haupandi. Unavuta, mshale uko chini kwenye rafu, na windo limeishia hapo. Kwenye ya tawi, kamba ikikatika springi inaunyanyua uma na kuuacha juu. Imegeuka kuwa resti isiyotembea. Mabawa yanaweza kuugusa yakipita, lakini bado una kitu cha kupigia, na kwa umbali mfupi unaweza kumaliza kazi.

Ndiyo maana mimi nikimchagulia mtu resti simuulizi anataka ifanye nini. Namwonyesha kila moja inaharibikaje, halafu achague ule uharibifu anaoweza kuishi nao.

#10 Kichaka_Kimya

Na brashi inaharibikaje? Inachakaa polepole huku unaiona kwa macho. Sijasikia ya mtu iliyokatika ghafla.

#11 Nyasi_Ndefu

Fundi, upande wa pili wa hiyo ya tawi usiufiche. Kamba yake ni ndefu, inatoka kwenye resti hadi kwenye tawi, iko nje. Kwenye vichaka vya miiba ndiyo inayonasa. Ya kebo kamba yake ni fupi na imejificha karibu na mpini. Kwa hiyo inayovumilia kukatika ndiyo hiyohiyo iliyo rahisi kukatika!

#12 Fundi_Ugwe

Nyasi, hapo umenipata. Ni kweli. Unaweza kuipitisha kamba karibu na mpini na kuielekeza kwenye tawi la chini au la juu kutegemea wapi unapitia zaidi, ila haiwi fupi. Faida nyingine ya kufidia: haigusi kebo, kwa hiyo huhitaji mashine ya kubana upinde ili kuipenyeza katikati ya nyuzi za kebo. Za kebo nazo zipo zenye kibano cha skrubu, unafunga nje bila mashine, ila kibano kinaweza kuteleza. Weka alama ya kalamu juu yake na chini yake, uione ikisogea.

#13 Dada_Mshale

Habari zenu. Naona wanaume mmezama kwenye kamba mkasahau jambo la mwindaji wa kunyatia: kurudisha ugwe bila kuachia. Umevuta, mnyama kaingia nyuma ya kichaka, unashikilia mpaka mikono inatetemeka, inabidi urudishe taratibu. Ya kudondoka ya kawaida, ukirudisha uma unashuka pamoja nawe, na kama haina kizuizi cha kuuzunguka mshale, mshale unalala upande na kugonga. Mnyama yuko hatua chache. Umeelewa kitakachofuata.

Zipo zenye kufuli. Unaunyanyua uma kwa kidole gumba kabla hata ya kuvuta, unakaa juu, na ukirudisha taratibu haushuki. Unaanguka tu ugwe ukiondoka kwa kasi. Za kampuni ya QAD zimejulikana kwa hilo. Kwa mtu wa miguu mimi singenunua ya kudondoka isiyo na mambo mawili: kufuli, na kizuizi kinachouzunguka mshale pande zote. Bila hivyo unarudi kulekule kwenye vijiti vyako viwili, ila kwa gharama zaidi.

#14 Podo_Nusu

Dada umenigusa hasa, hiyo ya kurudisha ugwe hunitokea mara nyingi kuliko ninavyopiga. Kwa hiyo kufuli ni lazima?

#15 Dada_Mshale

Kwako ndiyo. Ila kufuli ni chuma kidogo kinachotembea ndani ya kisanduku. Vumbi na mchanga havikipendi. Kipulize, kisafishe, usikilowanishe mafuta mazito yanayokusanya uchafu. Kabla ya kutoka, unyanyue uma, uuguse, uhakikishe unashika. Halafu upige mshale mmoja nyumbani uone kama unashuka.

#16 Mzee_wa_Rafu

Vijana, mimi napiga upinde wa mti, resti yangu ni rafu ya mpini yenyewe na kipande cha ngozi. Haivunjiki, hainasi, haihitaji alenki (ufunguo wa skrubu). 😄

#17 Mlenga_Mbali

Mzee wangu shikamoo. Lakini rilisi na kaboni ya paundi 60 hamtumii huko.

#18 Mzee_wa_Rafu

Marahaba. Sisemi aige, nasema mwelewe. Upinde wangu haujakatwa hadi katikati, kwa hiyo mshale unakaa pembeni ya mstari wa ugwe na inabidi ujipinde kuuzunguka mpini ukitoka. Ugumu wa wano (mti wa mshale) usipolingana na upinde, hakuna resti duniani itakayoutengeneza. Upinde wa kapi umekatwa kupita katikati, mshale unakaa ndani ya mstari wa ugwe, kwa hiyo nyinyi mna anasa ya kuchagua. Lakini ugumu wa wano bado unawahusu. Naona mtu ananunua resti ya bei kubwa kutibu mishale aliyonunua kwa kubahatisha.

Na kwa wa rafu wenzangu wanaosoma kimya: tumieni manyoya ya ndege, yanajilaza yakigusa mpini kisha yanasimama. Plastiki inagonga na kuurusha mkia. Na rafu isiwe tambarare kabisa. Weka kijiti chini ya ngozi ili mshale uguse sehemu ndogo, karibu na juu ya pale kiganja kinapokaa.

#19 Nyasi_Ndefu

Hilo la mwisho linahusu wote. Resti ikae karibu juu ya sehemu ya kina ya mpini. Zamani kulikuwa na mtindo wa kuisogeza nyuma sana kuelekea kwa mpigaji ili mishale mifupi itumike na kasi ipande. Ukikamua kiganja kidogo tu, huko nyuma inakuwa kosa kubwa.

#20 Msimamizi

Endeleeni vizuri. Vikumbusho viwili. Sheria za uwindaji wa upinde ni tofauti kila nchi, na kuna nchi umekatazwa kabisa. Ruhusa kwanza, resti baadaye. Pili, mnaojadili vipimo vya mshale: ukiwa umevuta hadi mwisho, mshale uzidi mbele ya resti kwa angalau sentimita 2.5. Mshale mfupi ukiteleza nyuma ya resti, mkono wa kushika upinde ndio ulio mbele ya chembe (ncha ya mshale). Na mshale wa kaboni uliogonga kitu kigumu upindwe kidogo kwa mikono na usikilizwe kabla ya kupigwa tena. Ukitoa mlio wa kupasuka au ukionyesha ufa, utupwe.

#21 Kijana_wa_Kapi

Samahani kuingilia. Nikinunua resti nitajuaje inaingia kwenye upinde wangu? Kaka yangu alinunua, haikukaa.

#22 Fundi_Ugwe

Angalia mpini. Pinde nyingi zina tundu la bolti juu ya rafu, wenyewe huliita tundu la Berger, la kipimo cha inchi 5/16. Resti nyingi zinaingia hapo. Pinde za karibuni zina pia reli iliyochongwa nyuma ya mpini, na resti inakamatwa kwenye reli bila bolti ya pembeni. Inakaa imara na haizunguki, lakini resti ya reli haiingii kwenye upinde usio na reli. Pia uangalie mkono: nyingi zina ya mkono wa kulia na ya kushoto. Anayevuta ugwe kwa mkono wa kulia ananunua ya kulia.

#23 Mlenga_Mbali

Nami niseme kitu cha maana, maana naonekana mbishi tu. Resti yoyote mtakayonunua, kama hamtaipanga ni pambo.

Anza hivi: mshale upite mbele ya katikati ya tundu la bolti ukitazama kwa ubavu, uwe sawa na ugwe kwa pembe ya digrii 90 au mkia juu kidogo sana. Kwa kushoto na kulia, pinde nyingi za kapi zinaanzia kama milimita 19 hadi 21 kutoka ubavu wa mpini hadi katikati ya mshale. Ni mahali pa kuanzia tu. Halafu karatasi: nyoosha karatasi kwenye fremu, simama kama mita 2, piga. Tundu moja safi lenye alama za mabawa, uko karibu. Mkia ukichana juu ya chembe, pandisha resti kidogo au shusha pale mkia wa mshale unaposhika ugwe. Lakini kwanza hakikisha bawa haligusi uma, kwa sababu kugusa nako kunachana juu, na utazungusha skrubu siku nzima bila faida.

Kujua kama kunagusa: paka rangi ya mdomo kwenye kingo za mabawa, piga, kisha tafuta rangi kwenye resti, kwenye kebo, kwenye rafu. Au nyunyizia poda kavu ya miguu kwenye resti uone palipofutika. Kwenye ya kudondoka ukikuta rangi kwenye uma, majira yake si sawa.

Mwisho kabisa ni vyembe vya kuwindia. Chembe chenye visu vipana kina mabawa yake mbele, kinafichua kila kosa. Piga cha mazoezi na cha kuwindia kwa mita 20 au 30. Cha kuwindia kikienda kushoto kwa cha mazoezi, sogeza resti kulia. Kikienda chini, pandisha. Yaani resti inakipeleka cha kuwindia kilipo cha mazoezi. Nusu milimita kwa mara, si zaidi. Saiti (kifaa cha kulengea) usiiguse mpaka viwe pamoja.

#24 Kichaka_Kimya

Leo nimekubali kitu cha Mlenga. Niongeze kwamba hata brashi inapangwa hivyohivyo. Watu wanaipachika kwa macho kisha wanasema "brashi haina usahihi". Ikipangwa inaweka vyembe vya kuwindia pamoja kwa mita 30 bila taabu.

#25 Dada_Mshale

Na mkimaliza kupanga, gundi ya nati kwenye skrubu, ile laini inayofunguka kwa alenki, si ile ya kudumu. Kisha alama ya kalamu nyeupe inayovuka kutoka resti hadi mpini. Mkiwa porini mtazame tu mstari: umevunjika, resti imesogea. Upinde wa kapi unatetemeka kila unapopigwa, na skrubu hazina dini.

#26 Podo_Nusu

Wakuu, nimesoma yote mara mbili na nimekwenda kuushika upinde wangu. Hauna reli, una tundu tu. Nimeorodhesha uharibifu kama Fundi alivyosema. Kamba ndefu kwenye miiba yangu, hapana. Kufuli la Dada nalitamani, ila mahali ninapowinda kuna vumbi jembamba linaloingia hata kwenye saa. Baridi ya kugandisha sina. Manyoya situmii. Mita 30.

Naelekea kwenye brashi. Mlenga usinune.

#27 Mlenga_Mbali

Sinuni. Kwa masharti hayo hata mimi ningesita. Ila ukianza kupiga mita 50 urudi tuongee, na kiganja chako ukilegeze, maana brashi haitakuficha.

#28 Fundi_Ugwe

Uamuzi una mantiki. Pima unene wa mshale kabla ya kununua, chagua ukubwa wa tundu kwa kipimo hicho. Nunua nywele za akiba siku hiyohiyo, na ukizibadilisha hakikisha mpangilio kwenye karatasi upya, kwani nywele mpya zinaubeba mshale juu kidogo kuliko zilizolala.

#29 Podo_Nusu

Swali la mwisho. Mabawa yangu ni marefu, inchi 4, laini. Na bawa la rangi tofauti linaelekea wapi?

#30 Kichaka_Kimya

Marefu laini yatakunjamana kwenye nywele. Weka mafupi magumu ya inchi 2, yaliyogandishwa vizuri na tone la gundi mbele na nyuma ya kila bawa, maana ncha ya mbele ndiyo inayobanduka kwanza. Kuhusu rangi: tazama nywele za chini, ni ngumu kuliko nyingine kwa sababu ndizo zinazobeba mshale. Elekeza bawa la rangi juu, yale mawili mengine yapite kushoto na kulia kwa zile ngumu, si juu yake. Ukipachika mshale ukaona bawa limesimama sawa na nywele ngumu, zungusha noki (kipande cha mkia wa mshale kinachoshika ugwe) kwa vidole mpaka likae pembeni, kisha mishale yote ya podo uifanye hivyo.